Sista Brigita Lohay na Neno "Sababu"

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Brigita Lohay atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali yetu, na kwa mujibu wa sheria atastaafu. Sheria ndiyo inayosema hivyo. Wodi ya watoto bado haijakubali, na dereva wetu Isaya ameshatangaza kwamba siku hiyo gari la wagonjwa litakuwa bovu, ili asitakiwe kumrudisha mtu nyumbani moja kwa moja.

Alizaliwa Rhotia mwaka 1965, mtoto wa tatu katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye akaenda kusomea uuguzi, akaja kwetu mwaka 1991, msichana mwembamba mwenye sauti nzito iliyomfanya katibu wa hospitali wa wakati huo, aliyekuwa ameongea naye kwa simu tu, amwandalie kitanda katika bweni la wanaume. Kosa hilo lilirekebishwa kabla ya chai ya jioni. Sauti yenyewe haijabadilika mpaka leo. Akicheka wodi ya watoto, sisi wa maabara tunajua kwamba kuna mtoto amepona.

Nyumbani alikulia Kiiraqw, shuleni akajifunza Kiswahili, na Kimaasai alikiokota wodini, kutoka kwa akina mama wa Ngorongoro na Loliondo waliokaa na watoto wao wiki kwa wiki. Kukiokota kulikuwa na gharama zake. Mwaka wake wa pili alitaka kumwambia mama mmoja amnyonyeshe mtoto, akamwambia amkamue. Yule mama alimtazama mwanawe juu hadi chini, akauliza maziwa yatatoka wapi, na wodi nzima ikaangua kicheko. Brigita alicheka kuliko wote, kisha akaomba afundishwe tena, polepole. Ndivyo alivyo. Hajawahi kuona aibu kukosea mbele ya mgonjwa, na hajawahi kukubali kosa libaki lilivyo.

Mambo aliyoyafanya ni mengi kuliko nafasi niliyopewa. Ndiye aliyedai pajengwe jiko la akina mama nyuma ya wodi, ili wanaouguza wasipikie kwenye mawe chini ya mvua. Kwa miaka mingi aliongoza safari za chanjo hadi vijiji vya mbali. Isaya hachoki kusimulia siku gari lilipozama kwenye tope njiani kwenda Engaresero. Sista alishuka kusukuma, tairi likazunguka, naye akapakwa tope kuanzia kilemba hadi viatu. Walipofika, watoto walimkimbia kabla hata hawajaiona sindano. Akanawa uso kwa maji ya kunywa, akawachanja wote, na jioni akamdai Isaya kilemba kipya. Alikipata.

Hata hivyo, mwulize mtumishi yeyote wa hapa Sista Brigita ametuachia nini, na hatataja jiko wala chanjo. Atakusimulia habari ya neno moja. Wageni wengi watakaohudhuria sherehe ya kumuaga hawaijui, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyotokea.

Ilikuwa mwaka 2016, wakati wa masika. Asubuhi moja aliingia mama kijana aitwaye Nalangu, kutoka upande wa Ziwa Natron, akiwa amembeba binti yake Nasha, ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa hajaanza. Mumewe, Tobiko, alikuwa ameomba nafasi kwenye gari lililopeleka mahitaji kambi ya watalii, likawashusha Mto wa Mbu, na kutoka pale wakapanda basi dogo hadi Karatu. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa. Nimonia. Tobiko alipoona mkewe amepokelewa, akarudi Mto wa Mbu kutafuta namna ya kupeleka habari nyumbani, maana mifugo ilikuwa imeachwa na mtu wa kuazima.

Brigita alimweka mtoto kwenye oksijeni, akapima joto, kisha akauliza swali ambalo sote hapa tulikuwa tunaliuliza kila siku bila kulifikiria.

"Mama, sababu ya mtoto kuumwa ni nini?"

Nalangu alimtazama mtoto, halafu akatazama sakafu.

"Sababu ni mimi," akasema.

Alimlaza mtoto vizuri, akamfunika, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Akabaki hapo. Mtoto akilia, hasogei. Akiambiwa amnyonyeshe, anatikisa kichwa. Maziwa yalikuwa yanamlowanisha nguo na bado hakumgusa. Wauguzi wakaanza kumlisha Nasha kwa mrija wa puani, lakini alikuwa anazidi kudhoofu, na mtoto anayepigania pumzi hawezi kupigana na njaa pia.

Minong'ono ikaanza, kama inavyoanza popote penye watu. Mama kasema mwenyewe kwamba ndiye sababu. Amemfanya nini mtoto? Amemnywesha kitu? Amemwangusha? Daktari Lilian, aliyekuwa zamu ile, si mtu wa minong'ono, lakini alikuwa na wajibu wake.

"Sista, mama amekiri," alisema. "Na hamtaki mtoto. Lazima niwaite ustawi wa jamii."

"Nipe mpaka kesho, Daktari."

"Kesho utakuwa umejua nini usichokijua leo?"

"Sijui. Ndiyo maana naiomba."

Daktari alikubali. Alituambia baadaye kwamba alikubali kwa sababu hakuwahi kumwona Sista Brigita akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe, na safari hii alionekana kana kwamba anajiombea.

Tobiko alirudi asubuhi ya pili. Brigita alimchukua hadi kwenye benchi la nje, akamuuliza taratibu kama mkewe alikuwa mgonjwa, kama walikuwa wamegombana, kama kulikuwa na jambo lolote nyumbani. Tobiko alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema sababu ni yeye."

Tobiko aliinama, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Tulikuwa na mtoto mwingine kabla ya huyu," alisema. "Wa kiume. Aliumwa nikiwa mbali na ng'ombe. Mama yake alitembea naye peke yake hadi zahanati. Mtoto akafia palepale mlangoni. Kuna mtu wa pale alimwambia mke wangu, 'Wewe mama ndiye sababu. Umemchelewesha.'"

"Anajua Kiswahili vizuri?"

"Cha sokoni tu. Lakini neno hilo analijua sana. Tangu siku ile analiona kama jina lake. Nilimwambia aliache, likamshinda. Huyu alipoanza kukohoa, akaanza kuogopa kumshika. Anasema mikono yake ndiyo iliyomuua yule."

Isaya alimkuta Sista Brigita nyuma ya chumba cha kufulia, amesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, analia kwa sauti ile nzito bila kujificha. Alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Nimemuuliza mama wa watu swali, na swali lenyewe ndilo lililomvunja mara ya kwanza. Nimelirudia mimi. Kwa mdomo wangu." Isaya, ambaye hana maneno mengi asipokuwa anasimulia, alimpa leso yake yenye harufu ya dizeli.

Sista alinawa uso, akaenda wodi ya wanaume kuendelea na kazi, kwa kuwa siku ile walikuwa na upungufu wa watu. Huko alikuwa amelazwa Mwalimu Mbwana, mzee wa Pangani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye pia alifundisha madrasa. Alikuwa amekuja Karatu kumtembelea bintiye, akaanguka na bodaboda siku ya tatu, akavunjika paja. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo na kuning'iniza uzito upande wa pili wa kitanda. Hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alifundisha. Wagonjwa wenzake walikuwa wameshajua asili ya neno shati, neno dawa na neno meza, wapende wasipende.

Brigita alikuwa anakagua ile kamba, akamuuliza bila kutaja mgonjwa yeyote:

"Mwalimu, hivi neno sababu maana yake hasa ni nini? Ni mkosaji?"

"Mkosaji! Nani kakuambia hivyo, mwanangu?"

"Naona watu wanalisikia hivyo."

"Wanalisikia hivyo kwa sababu ndivyo tunavyowatupia," alisema mzee. "Tumelitoa kwa Waarabu. Sasa unataka nikuonyeshe sababu ya sababu? Umeishika mkononi."

Brigita alitazama mkono wake. Alikuwa ameshika kamba ya mguu.

"Katika Kiarabu cha kale, sababu ni kamba," Mwalimu Mbwana aliendelea, sasa akifurahi kabisa. "Kamba ya kushukia kisimani, kamba ya kupandia mtende. Baadaye wakaita sababu kila kinachokufikisha pale ambapo mkono wako haufiki. Na baadaye zaidi ndipo ikawa hii yetu, kinacholeta jambo. Lakini lilianza kama kamba, Sista. Halikuanza kama kidole cha kumnyooshea mtu."

Brigita alikuwa tayari ameelekea mlangoni.

"Na athari je?" mzee akaita nyuma yake. "Huulizi athari? Athari ni alama inayobaki kitu kikishapita, kama unyayo mchangani! Nakupa bure!"

Alimkuta Nalangu kwenye bomba la nje, anafua nguo za mtoto ambazo tayari zilikuwa safi. Alianza kwa Kimaasai chake, akijikwaa, na pale kiliposhindwa akaweka Kiswahili chepesi. Tunayajua waliyozungumza kwa sababu Nalangu mwenyewe aliyasimulia kwa akina mama wa jikoni kabla hajaondoka, akiigiza mpaka sauti ya Sista.

"Jana nilikuuliza vibaya," Brigita alisema. "Sikuwa nauliza nani ana kosa. Nimekuja kukuomba radhi."

Nalangu aliendelea kufua.

"Nakuuliza upya. Nani aliona kwanza kwamba Nasha anapumua vibaya?"

"Mimi."

"Nani alimwambia Tobiko?"

"Mimi."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema tungoje mpaka kesho yake. Nikakataa."

"Nani alimbeba mpaka kwenye gari?"

"Mimi. Tobiko alibeba maji."

Hapo Brigita akamwambia habari ya lile neno. Kwamba wenyewe walioanza kulisema, zamani sana, walikuwa wanaita kamba. Kamba ya kuvutia kitu kutoka shimoni.

"Kamba kama ya ndama?" Nalangu aliuliza, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni.

"Kamba kama ya ndama. Kwa hiyo ukiniambia sababu ni wewe, nakubali. Nasha yuko hapa, yuko hai, anavutwa kutoka shimoni, na aliyeshika kamba ni wewe. Lakini jana umeiachia. Sisi peke yetu hatuwezi kuivuta."

Nalangu alifunga bomba. Kisha akauliza swali ambalo Brigita alikuwa analiogopa tangu alipotoka kwa mwalimu.

"Na yule wa kwanza?"

Ni rahisi kwa muuguzi kusema uongo mtamu mahali kama pale. Brigita hakusema.

"Sikuwepo," alijibu. "Sijui alikuwa na ugonjwa gani. Najua ni mbali. Najua hapakuwa na gari, na baba yake hakuwa karibu, na pengine hata dawa haikuwepo. Zilikuwa kamba nyingi, mama, na nyingi zilikatika. Wewe ulikuwa umeshika moja tu. Ulitembea nayo mpaka mlangoni. Hukuiachia."

Nalangu aliketi pale pale kwenye saruji iliyolowa, akalia kilio ambacho Tobiko, aliyekuwa upande wa pili wa jengo, alikitambua na kukimbilia. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Halafu akanyanyuka, akanawa mikono kwa sabuni, akainawa tena, akaingia wodini na kumchukua binti yake kifuani, mirija na yote.

Sitawadanganya kwamba mtoto alipona siku hiyo. Maabara tulipokea damu yake mara nyingine, na kuna asubuhi moja ambayo Daktari Lilian alipita bila kusalimia mtu. Nasha hakuwa na nguvu za kunyonya, kwa hiyo mama yake alikamua maziwa kwenye kikombe, yakapitishwa kwenye mrija, na wakati wote huo alimshika. Wiki ya pili mtoto alishika titi mwenyewe. Kicheko cha Sista kilisikika hadi maabara, nasi tukaacha darubini zetu tukaenda kuangalia.

Siku ya kuruhusiwa, Tobiko alimwambia Brigita, "Nilikuja na mke asiyesema. Tangu juzi ananigombeza kuhusu ile siku niliyotaka tungoje. Asante sana, Sista." Alisema hivyo akiwa amevaa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kilichofuata kilituhusu sisi. Katika mkutano wa watumishi, Brigita alisimama akataka tuache kuanza na swali la sababu tunapompokea mgonjwa. Tuulize ilianzaje. Tuulize mama aliona nini kwanza, na akafanya nini. Daktari Lilian alipinga.

"Sista, kazi ya daktari ni kutafuta sababu. Nikiacha hiyo, nifunge chumba changu niende kulima."

"Itafute kwenye mapafu, Daktari. Usianze kuitafuta usoni kwa mama."

Daktari mwenyewe alicheka, akasema hoja imepita. Safari yake iliyofuata Arusha alimuuliza rafiki yake anayejua Kiarabu, akarudi na jibu kwamba Mwalimu Mbwana alisema kweli, kamba na unyayo pia. Mwaka uliofuata wauguzi wanafunzi walioletwa kwetu walifundishwa maswali hayo siku ya kwanza, na wanaendelea kufundishwa. Wanakwenda nayo vituoni kwao, na akina mama wanaojibu hawajui kwamba mambo yaliwahi kuwa tofauti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Brigita mwenyewe halisemi. Katika safari ya chanjo iliyofuata, alimwomba Isaya asimame kwenye zahanati fulani. Hakuwahi kututajia jina lake, na Isaya naye ameziba mdomo. Aliingia peke yake, akakaa humo kwa muda mrefu, na alipotoka alisindikizwa na mhudumu aliyemshika mkono mpaka kwenye mlango wa gari, macho mekundu. Njiani Isaya alimuuliza walikuwa wanazungumza nini. "Naye alikuwa peke yake siku ile," Brigita alijibu. "Mtoto anakufa mlangoni kwako na huna kitu mkononi. Alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka ule mzigo, akamtupia aliyekuwa karibu."

Huyo ndiye tunayemuaga. Ametulea wengi, akatugomba wote, akakumbuka majina ya watoto wetu kuliko sisi wenyewe. Anarudi Rhotia kwenye shamba la mahindi na maharage, kwenye kwaya ambayo tayari imempangia sauti ya tatu pamoja na wanaume, na kwa wajukuu wawili wanaodhani hospitali ni nyumba ya bibi. Ameomba asipewe kabati la vyombo wala saa ya ukutani. Atakayetaka kumpa zawadi alete mche wa parachichi, na aupande mwenyewe, kwa kuwa mgongo wake umechoka kuinama kwenye vitanda.

Jumatatu iliyopita, katika mkutano wa mwisho wa Sista Brigita, Daktari Lilian alimwomba awaachie wauguzi wapya ushauri mmoja. Wote walishika kalamu. Sista Brigita alifikiri kidogo, akasema, "Kaeni. Mama akiwa amekaa na wewe umesimama, atakujibu lolote ili uondoke. Vuta kiti, kaa." Kisha akatazama saa, akakumbuka kuna mtoto anayesubiri dripu, akatoka mbio kabla hatujapiga makofi.

Sista Brigita, kwa niaba ya hospitali nzima, kuanzia lango la mlinzi hadi jiko la akina mama, asante. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake na usingizi usiokatishwa na kengele ya zamu. Miaka yote hii tumekuona umesimama. Watoto wamelala, dripu zimekaguliwa, na zamu ina mtu. Vuta kiti, Sista. Kaa.